Springi Iliyobaki

Mzee Pumzi hakuwa na huruma na fundi anayebakiza vitu. Gari likitoka gereji na fundi akabaki na nati mfukoni, yeye alikuwa na maneno yake: fundi huyo ama ni mwizi, ama mawazo yake yako kwa wanawake, na kwa vyovyote vile asikabidhiwe hata baiskeli ya mtoto. Maneno hayo aliyasema harusini, akayasema msibani, na akayasema kila mara mume wa binti yake, ambaye riziki yake yote ilitoka kwenye magari, alipokaribishwa chakula. Mkwe alikuwa mtu mstaarabu. Alitafuna polepole akiangalia sahani yake.

Jina la Pumzi alilipata kazini. Alikuwa mpiga mbizi wa bandarini, akishuka chini ya meli kukwangua magamba na kukata kamba zilizonasa kwenye propela, na wenzake walikuwa wakidai kwamba mtungi wa hewa uliomwishia mwingine akiwa hajaanza kazi, yeye ulimtosha mpaka akasikia njaa. Alipostaafu alirudi nyumbani na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa wa vidhibiti hewa vya zamani. Kidhibiti hewa, au regyuleta kama walivyoiita wenyewe, ndicho kile kifaa kinachokaa kati ya mtungi na mdomo wa mpiga mbizi, kikimpa hewa anapovuta na kunyamaza asipovuta. Za siku hizi ni ndogo, za plastiki, na Mzee Pumzi aliziona kama vyombo vya kuchezea. Yeye alipenda zile kongwe za shaba, mviringo kama sahani mbili zilizofunikana, zenye mabomba mawili ya mpira yanayopita juu ya mabega, moja la kuleta hewa safi na jingine la kuondoa iliyokwisha kutumika. Watu walimletea zikiwa zimekufa, naye akazifufua mezani.

Shida ilikuwa hiyo meza. Nyumba ilikuwa na meza moja ya maana, na ilikuwa na watu wawili wanaoitaka. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa upande wa dirishani, vyombo vya mume upande wa jikoni, na katikati ulipita mpaka ambao hakuna aliyeuchora na kila mtu aliujua. Mpaka huo ulivunjwa kila siku na siki, maana siki ndiyo inayong'oa kutu ya kijani kwenye shaba. Mzee aliloweka vipande vyake kwenye bakuli la kachumbari, akavisugua kwa mswaki ambao hakuwahi kuuliza ni wa nani, na mkewe akaanza. Mama yule alijua kugomba, tena kwa mpangilio. Alifungua na harufu, akaja kwenye bakuli, akapitia mswaki, akamalizia na cherehani yake, ambayo ilikuwa inakata uzi na kuruka mishono, na ambayo mtu fulani mwenye bisibisi za kila aina aliahidi kuitazama.

"Nitaitazama," Mzee Pumzi alijibu siku zote, bila kuinua kichwa.

Mwishowe mama wa watu alichoka. Akaifunika cherehani yake kwa kitambaa, akawa anakwenda kushona kwa jirani, kwenye mashine ya kuazima.

Jumatatu moja asubuhi, mkewe akiwa huko kwa jirani, mlango ulibishwa. Mzee Pumzi alikwenda kufungua akiwa na bisibisi mkononi, kama kawaida yake. Nje alisimama mwanamke mwenye mabega mapana na mfuko mzito. Alikuwa mwalimu wa kuogelea wa shule ya pale mtaani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Macho ya mzee yalikuwa yameshafika kwenye mfuko. Harufu ya mpira mkongwe alikuwa ameinusa kabla hata ya salamu. "Umebeba nini humo?"

"Ya marehemu baba. Naye alikuwa mpiga mbizi." Mwalimu akafungua mfuko, na regyuleta ya mabomba mawili ikatoa kichwa, imeota kijani, mabomba yamekakamaa. "Jumamosi tunafungua bwawa jipya la shule. Nataka nishuke nayo, mara moja tu, wanafunzi wangu waione. Ila kila ninayemuuliza ananiambia haifai tena, niitundike ukutani."

"Nani kasema?"

"Wote, mzee."

"Hao wote waambie Jumamosi waje na miwani."

Mwalimu alipoondoka, Mzee Pumzi alirudi mezani mbiombio. Akasogeza vitu, akafunika vitu, akatandika kitambaa chake cheupe upande wote wa jikoni, akakung'uta mikono na kukaa. Kitambaa kile ndicho kilikuwa dini yake. Kila kipande alichokitoa alikilaza juu yake kwa zamu, kuanzia kushoto kuzunguka kwenda kulia, na wakati wa kurudisha alianzia cha mwisho kurudi nyuma. Kitambaa kikibaki kitupu, kazi imekwisha. Tangu ajifunze ufundi huo kitambaa hakikuwahi kumdanganya.

Alifungua vibanio vilivyoshika sahani mbili, akakuta kiwambo cha mpira kimekauka kama chapati ya juzi. Akatoa wenzo mdogo unaosukumwa na kiwambo, akatoa vali, akatoa springi moja baada ya nyingine. Akatoa ule mpira bapa wa kutolea hewa, ambao wapiga mbizi wanauita mdomo wa bata, na kwa kweli ukiupuliza nje ya maji unalia kama bata aliyekanyagwa. Aliupuliza mara kadhaa kwa furaha tu. Akaloweka, akasugua, akapaka grisi, akabadilisha mipira iliyooza, na siku ya pili mchana akaanza kurudishia, huku akiimba kwa pua. Kipande cha mwisho kikaingia. Vibanio vikabana. Akanyoosha mgongo, akatazama kitambaa.

Kwenye pembe ya kitambaa kulikuwa na springi.

Ilikuwa springi ndogo, pana chini na nyembamba juu. Mzee Pumzi aliitazama kwa muda mrefu. Akaangalia mlangoni, akaitia mfukoni haraka, akajiona amefanana kabisa na mafundi wa gereji.

Basi akafungua upya. Safari hii hakuimba. Alikwenda taratibu, akitaja kila kipande kwa jina lake kabla ya kukigusa, akarudishia, na springi ikabaki. Akachukua mtungi wa hewa, akafunga regyuleta, akatia kipande cha mdomoni, akavuta. Hewa ikaja laini kabisa. Hilo ndilo lililomtisha. Kama ingegoma angejua pa kutafuta, lakini inapumua vizuri na springi yake iko mfukoni, hapo palikuwa na jambo. Labda springi hiyo ilikuwa na kazi yake kule chini tu, maji yanapogandamiza. Akaona mwanamke mwenye mabega mapana yuko chini ya bwawa, wanafunzi wamejipanga ukingoni, na viputo vimekatika.

Siku iliyofuata aliilazimisha springi ile chini ya wenzo. Regyuleta ikapiga mluzi kama birika, halafu ikamtapikia upepo wote kifuani. Akaitoa. Akaijaribu nyuma ya vali, haikuenea. Akaijaribu mahali ambapo yeye mwenyewe alijua hapana springi na hapajawahi kuwa na springi.

Mkewe akaingia kutoka kwa jirani, akamkuta ameinamia meza, springi kwenye koleo, kioo cha kukuzia jichoni. Siki imejaa chumba kizima. Bakuli la kachumbari limegeuka kijani. Mzee Pumzi akajikunyata akingoja.

"Pole na kazi, mume wangu," mkewe akasema.

Akapita taratibu kuelekea jikoni. Akarudi na kikombe cha chai, akakiweka karibu naye kwa uangalifu asimgonge mkono, akatoka tena akitembea kwa kunyata. Jioni hiyohiyo alirudi kutoka dukani na chupa mpya ya siki.

"Nimeona ile inakaribia kuisha," akasema.

Mzee Pumzi aliipokea chupa ile, asiifungue. Kwa maana alimkumbuka kaka yake mkubwa.

Kaka yake alikuwa mtu mkali, mbishi, ambaye nyumbani kwake hakuna siku iliyopita bila mabishano. Halafu uzee ukamwingia kichwani. Akaanza kusahau njia, akasahau majina, mwishowe akawa anaweka viatu vyake kwenye friji. Ila mambo hayakuharibika siku ya viatu. Yalikuwa yameharibika zamani zaidi, tangu mkewe alipoacha kubishana naye. Alichosema kaka kilikubaliwa. "Sawa, baba." "Vizuri, baba." Mzee Pumzi alikuwa akitoka kwenye nyumba ile akiwa na huzuni kubwa, na ile "sawa, baba" ilimuuma kuliko viatu.

Na sasa yeye analetewa siki.

Kuanzia hapo akawa kila akiamka anakwenda kwanza kwenye friji kuangalia kama viatu vyake vimo. Alifungua, akachungulia nyuma ya mboga, akashukuru, akafunga. Mkewe alimwona, akadhani ana njaa, akaanza kumpikia kifungua kinywa cha watu watatu. Mzee alikula chote, maana hakutaka aonekane amesahau kula. Mchana alijitahini mwenyewe uani. Akataja majirani wote, nyumba kwa nyumba. Akataja vipande vya regyuleta kutoka kiwambo mpaka mdomo wa bata, na kurudi kinyumenyume. Hakukosa hata kimoja. Akaingia ndani kwa ushindi, na springi ikawa bado imo mfukoni.

Akaona aijaribu regyuleta majini. Uani palikuwa na pipa la maji ya kufulia. Mzee Pumzi akasimamisha mtungi kando yake, akapiga magoti, akatia regyuleta mdomoni, akazamisha kichwa na mabega. Viputo vikapanda kwa mpangilio mzuri kabisa. Mle ndani ya pipa, kwa mara ya kwanza wiki nzima, moyo wake ulitulia. Alikaa humo muda mrefu. Alipoibuka alimkuta jirani anayefuga kuku ameegemea ukuta, amebeba mayai.

"Mzee, umedondosha kitu humo?"

"Nasikiliza," akasema Mzee Pumzi.

Jirani akafikiri kidogo. "Haya," akasema kwa upole, akarudi kwa kuku wake. Upole huo nao mzee aliuona.

Ijumaa ndiyo iliyommaliza. Alikuwa akitoka bafuni akasikia mkewe yuko jikoni anaongea kwenye simu na binti yao, muuguzi, kwa sauti ya chini.

"Usimuulize chochote mwanangu, utamvuruga. Mwache hivyohivyo. Mimi mwenyewe siku hizi simgombezi, namtazama tu na kumpikia." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, tangu Jumatatu. Nimemwona kwa macho yangu. Tumwombee tu."

Mzee Pumzi alirudi bafuni akakaa kwenye ukingo wa beseni. Kwa hiyo wanajua. Muuguzi naye anajua. Kinachofuata ni kuhamishiwa kwa binti, kwenye kile chumba cha nyuma, kula uji akiitwa baba kwa sauti nyororo, na mkwe wa gereji akikata nyama upande wa pili wa meza bila hata kumsimanga, kwa huruma. Aliogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa chini ya meli yoyote.

Jumamosi asubuhi mwalimu wa kuogelea akaja mapema, amevaa suti ya michezo, uso umechangamka. Regyuleta ilikuwa mezani inang'aa kama ya dukani, mabomba yamelainika. Mwalimu alipoiona alisimama mlangoni, kisha akasogea mezani. Alinyoosha mkono akagusa shaba kwa kidole kimoja.

"Imepona, mzee?"

"Inapumua," akasema Mzee Pumzi. "Lakini sikupi."

Mkewe, aliyekuwa akiingia na vikombe vya chai, akasimama.

"Kuna kitu kimebaki," mzee akaendelea. Alitia mkono mfukoni, akaiweka springi juu ya kitambaa cheupe, mbele ya watu. Maishani mwake hakuwahi kufanya jambo zito kuliko hilo. "Nimeifungua na kuirudishia mpaka vidole vinakwenda vyenyewe, na kila mara inabaki hii. Inafanya kazi bila hii, na mimi sijui kwa nini. Sasa kitu nisichokijua siwezi kumpa mtu ashuke nacho majini. Baba yako angekuwa hai angenielewa." Akamgeukia mkewe. "Na wewe mama, usinifiche tena. Nilikusikia kwenye simu. Kichwa changu kinaondoka, kama cha kaka. Kila asubuhi naangalia viatu kwenye friji."

Mkewe aliweka chini vikombe. Akainama juu ya meza, akaokota springi, akaigeuza mwangani.

"Mbona hii ni ya cherehani yangu," akasema.

"Ya nini?"

"Ya cherehani. Inakaa hapa kwenye kikazio cha uzi." Akaenda dirishani, akafunua kitambaa, akafungua kikazio kwa kucha tu, maana kilikuwa kinacheza, kimerudishiwa kitupu. "Jumatatu nilirudi kuchukua mkasi, nikachungulia dirishani, nikakuona umeinama hapa na bisibisi, unaitoa. Nikasema moyoni, kumbe siku imefika. Nikanyata nikarudi kwa jirani bila hata mkasi, maana wewe nakujua, ukisemeshwa tu unaacha. Wiki nzima nakuona na hii springi kwenye koleo, nikajua unahangaika nayo. Nikakununulia siki. Nikamwambia mtoto tukuombee umalize."

Mzee Pumzi akakumbuka. Jumatatu, nyumba imetulia, cherehani imefunikwa pale kama mgonjwa, na yeye ameingiwa na haya kidogo, akachukua bisibisi. Alikuwa ameshaitoa springi na kuilaza pembeni. Halafu hodi. Halafu ile harufu ya mpira mkongwe, na yeye akakirudishia kikazio kitupu mbiombio, springi akaisukumia kwenye pembe ya kitambaa pamoja na vyombo vyake.

"Kwa hiyo nilisahau," akasema polepole.

"Ulisahau."

"Si ndiyo ninavyokwambia mama, kichwa changu..."

"Kichwa gani?" mkewe akasema, na sauti yake ya zamani ikarudi chumbani. "Cherehani yangu ulianza kuisahau nywele zako zikiwa nyeusi. Ungekuwa ugonjwa tungeshakuzika. Hebu niambie, kwenye hiyo regyuleta ya watu, kuna kipande hata kimoja umekisahau?"

Mzee akafikiri kwa haki. "Hapana."

"Basi akili unayo. Ni kwamba mimi simo humo."

Mwalimu wa kuogelea alikuwa ameanza kuchunguza dari. Mzee Pumzi alisimama pale na mikono yake mitupu. Wiki nzima alikuwa ameomba aambiwe si mgonjwa, na sasa ameambiwa, akatamani angekuwa mgonjwa kidogo. Ugonjwa usingekuwa kosa lake.

Akaifungasha regyuleta kwenye mfuko, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. "Shuka nayo. Haibakizi kitu."

"Twende wote basi, mzee. Nimekuwekea kiti cha mbele."

Hapo alikaribia kushindwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alitaka kuviona vile viputo vya hewa vikipanda kwenye maji safi kuliko alivyotaka chakula. Akatazama mlangoni. Akatazama dirishani.

"Tangulia," akasema. "Nina kazi ya mtu hapa."

Alihamisha kiti chake akavuka mpaka wa meza. Akatandika kitambaa cheupe mbele ya cherehani, akafungua kikazio, akakitoa kipande kwa kipande, akavilaza kuanzia kushoto kuzunguka kwenda kulia. Kulikuwa na nyuzi za miaka zimekaza katikati ya visahani vinavyobana uzi, za kila rangi aliyowahi kuvaa mtu wa mtaa ule. Alizitoa kwa koleo moja moja. Springi ilikuwa nzima. Kilichokuwa kichafu ni kikazio chenyewe. Ilimchukua muda mfupi sana, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa kitupu.

Mkewe akakaa, akapitisha uzi, akachukua kipande cha nguo na kukanyaga. Mshono ukatoka mmoja, umenyooka, bila kuruka. Akaugeuza akautazama chini, akautazama juu. Halafu akaanza. Alianza na bakuli la kachumbari, ambalo sasa halifai hata kumwekea kuku wa jirani. Akaja kwenye siki, akasema alikaribia kufa kwa kuivumilia wiki nzima. Akapitia mswaki, ambao ulikuwa wa mkwe, wa kutumia akija kulala. Mzee Pumzi alimsikiliza mpaka mwisho, ameinua kichwa, macho yamemlowa, kama mtu aliyetolewa chini ya meli.

"Na unakaa hapo unafanya nini?" mkewe akasema. "Watoto wa watu wanasubiri. Nenda kaone kazi yako."

Mzee akainuka mbio. Akaangalia mlangoni, akaangalia chini ya meza, akaangalia nyuma ya kiti.

"Mama, viatu vyangu umeviona?"

"Angalia kwenye friji," mkewe akasema, na akaendelea kushona.